Mlango uliopanda: kisa cha Datsun 240Z katika gereji ya nyumbani

Mlango wa dereva ulikuwa umepanda. Ukiusukuma taratibu, kitasa hakikukutana na kipokeo chake kwenye nguzo. Kilipita juu kwa milimita 6 hivi, chuma kikagonga chuma, na mlango ukakurudia mkononi. Kwa miezi mitatu kila aliyepita gerejini kwa mjomba wangu, mtaa wa Tudor, Mombasa, aliutikisa mlango ule akatoa hukumu ileile: bawaba zimekwisha. Mjomba akabadilisha bawaba. Mlango ukabaki vilevile.

Shika mlango wowote wa gari kuukuu uone. Bawaba zikilika, mlango hushuka. Pini huvaa, uzito wa mlango huuvuta upande wa kitasa chini, na ndiyo maana wenye magari ya zamani huzoea kuunyanyua kidogo kabla ya kuufunga, hata hawajui kama wanafanya hivyo. Sijaona bado bawaba mbovu iliyoupandisha mlango. Kwa hiyo mlango ule ulikuwa unatwambia jambo tangu siku ya kwanza, nasi tukawa tunaujibu swali ambalo haukuuliza.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, usukani kulia. Namba yake ya chesisi, iliyogongwa kwenye ukuta wa bati nyuma ya injini, inaanza na HS30, yaani gari la usukani kulia, la nchi zinazoendesha upande wa kushoto. Yale ya Marekani huanza na HLS30. Muuzaji alimwambia mjomba kwamba "hili lilikimbia Safari." Sikumbishia, maana kila 240Z iliyobaki Kenya ilikimbia mbio za magari za Safari, kama vile kila mzee mtaani aliwahi kupeana mkono na Mzee Kenyatta. Magari ya timu ya Nissan yalikuja kutoka Japani yakiwa yameandaliwa kwa mashindano, na hili halikuwa na dalili hata moja ya maandalizi hayo.

Lakini ndoto haikuwa ya bure. Mwaka 1971 240Z iliyoendeshwa na Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, akiwa na Hans Schüller pembeni, ilishinda mbio za Safari zilizokuwa zikipita Kenya, Uganda na Tanzania. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akawa wa pili kwa gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1973 Mehta akashinda yeye, na Lofty Drews kama msomaji wa njia, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Kilichoamua ni nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Mjomba alikuwa mtoto wakati huo. Anasimulia vumbi zaidi ya gari: kwamba ulisikia kwanza mlio, kisha ukaona wingu, na gari lenyewe liliisha kabla hujalitazama vizuri. Aliponunua lake, tayari amestaafu, alikuwa ananunua ule mlio.

Na mlio ndio uliotuponza.

Gari la namna hii halina chesisi ya ngazi kama pikapu au Land Rover, ambapo unaweza kuinua bodi nzima ukaiweka kando na magurudumu yakabaki yamesimama. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Nguvu yake iko kwenye maboksi ya bati: mihimili miwili ya mbele inayobeba injini na kuendelea chini ya sakafu, handaki la giaboksi katikati, na vizingiti viwili, yaani yale maboksi marefu yanayopita chini ya milango kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Paa linasaidia. Ukiondoa kimoja, vingine hubeba. Ukiondoa viwili vinavyofanana kwa wakati mmoja, unakuwa umebaki na nusu mbili za gari zilizoshikwa na paa na handaki.

Kutu ya 240Z inajulikana ilipo hata kabla hujafungua boneti. Trei ya betri huliwa na asidi, na asidi ikimaliza trei hudondokea mhimili ulio chini yake. Sakafu ilipigwa kiwandani mikeka ya lami ya kuzuia kelele, na mikeka hiyo ikishapasuka hunywa maji na kuyatunza dhidi ya bati kama kitambaa kibichi kwenye jeraha. Vizingiti huoza kutoka ndani: maji huingia kwa juu, matundu ya kutolea huziba kwa tope, na kwetu sisi tope lenyewe lina chumvi. Nilipokuwa nikisaidia kubandua ile lami kwa patasi na hewa ya moto, niligonga sakafu ya upande wa abiria kwa mpini wa nyundo ili nisikie pale palipo pazima. Bati zima hulia. Hili lilitoa sauti ya boksi la karatasi, na mara ya tatu mpini ukatokea upande wa pili.

Sasa, mjomba ni mtu wa injini. Miaka yake yote bandarini aliishi na dizeli za mitambo ya kupakulia. Alipoliingiza gari gerejini alifanya kile anachokijua: akaitoa injini ile ya L24, silinda sita mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, akaifungua yote. Ringi mpya, beringi mpya, cheni ya taimingi mpya, vali zikasagwa kwa mkono jioni baada ya jioni. Akaweka mwanya wa vali kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia, injini ikiwa moto, milimita 0.25 za kuingiza na 0.30 za kutolea. Kabureta zake mbili alizisafisha mpaka zikawa kama vyombo vya harusi. Kazi ile hakuna fundi aliyeitia kasoro hadi leo.

Kisha akairudisha injini ndani ya gari lililooza. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Mwanangu, nataka nisikie tu." Tukaiwasha usiku mmoja mlango wa gereji ukiwa wazi, na nakiri kwamba hata mimi nilisahau sakafu. Majirani walikuja. Mtu mmoja akatoa machozi, sitasema nani.

Hapo ndipo mpangilio ulipovunjika, ingawa hakuna kilichoonekana kuharibika. Injini ile pamoja na giaboksi ni uzito wa watu watatu wazima, na sasa ulikuwa umening'inia mbele ya gari tunalotaka kulikata katikati.

Wiki chache baadaye mjomba alitaka kuvua shokapu na mikono ya mbele, kwa hiyo akahamisha stendi za mbele. Badala ya kukaa chini ya krosimemba, yaani chuma kinachokatiza chini ya injini, pale uzito unapobebwa gari likiwa juu ya magurudumu, zikakaa chini ya mihimili ya sakafu, nyuma kidogo ya ukuta wa injini. Stendi za nyuma zikakaa karibu na difu. Gari lilisimama imara, ukilisukuma halichezi. Ila pua yote, na injini ndani yake, ilikuwa sasa imetoka nje ya mahali pa kuegemea.

Akakata kizingiti cha kulia. Kwa kuwa grinda ilikuwa tayari mkononi na bati la kushoto lilikuwa baya vilevile, akakata na cha kushoto. Sakafu zote mbili zilikuwa zimeshatoka. Hakuweka mabomba ya kushikilia bodi. Mabomba ya mraba ya milimita 25, yale yanayotengenezewa madirisha ya chuma, yanauzwa kila mtaa Mombasa, na kwa gari zima hayafikii hata bei ya gasketi za kabureta alizoagiza ng'ambo. Nasema hivi si kwa kumcheka. Nilikuwepo. Nilishika taa.

Mapaneli mapya ya vizingiti yaliagizwa kutoka nje, yamekunjwa tayari. Yalipofika, cha kulia kilikataa kuingia. Kilizidi kwa milimita kama 5. Tulikubaliana, mimi na yeye, kwamba waliotengeneza hawakuwa makini, maana vitu vya kuiga ndivyo vilivyo. Akakikata. Cha kushoto kilizidi kwa 3, nacho akakikata. Akachomelea vyote viwili, safi kabisa, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Siku ya kurudisha milango ndiyo siku tuliyoanza kuwatukana watengeneza bawaba.

Kabla sijafika kwa fundi, niseme habari ya ile pini ya nyuma, kwa sababu inaeleza kwa nini miezi mitatu ilipita bila mtu kuketi na kufikiri. Mkono wa chini wa nyuma katika gari hili umeshikwa na pini moja ndefu inayopita ndani ya bushi mbili, na katikati pini hiyo imefungwa na kabari ndogo ya chuma. Kutu ya miaka hamsini huiunganisha pini na mirija ya bushi ikawa kitu kimoja. Ukiigonga, ncha yake hutanuka kama kichwa cha msumari na sasa ndiyo haitoki milele. Mjomba aliigonga. Akaimwagia dizeli, akaichoma kwa gesi, akatengeneza kivutio kwa boliti na bomba, boliti ikanyumbuka. Mwisho tulikata kwa msumeno wa chuma kati ya mkono na kikombe cha shokapu, upande mmoja siku sita. Watu wengi wanaorekebisha 240Z wana hadithi yao ya pini hii. Ubaya wake ni kwamba inakupa adui unayemwona, ukasahau yule usiyemwona, na mlango ulikuwa pale ukingoja.

Fundi wa bodi alitoka Changamwe, mzee wa kimya, amekunja bati tangu ujana wake. Mjomba alimwita aje kutazama rangi tu. Hakugusa rangi. Aliufunga mlango mara mbili, akachuchumaa, akaangalia mwanya kati ya mlango na nguzo ya nyuma kutoka juu hadi chini. Kisha akatoa mfukoni sarafu mbili na kipande cha kadi ya simu, akavipitisha mwanyani kama mtu anayepima vali. Juu, kadi ilipita na sarafu zote mbili. Chini, kadi peke yake ilikwama.

"Mzee," akamwambia mjomba, "hiki kizingiti ulikipunguza?"

"Nilikipunguza. Kilikuja kirefu."

"Kilikuja kirefu, au ulikuta pengo limekuwa fupi?"

Mjomba hakujibu. Alikwenda kwenye kopo lake la vyuma chakavu, akarudi na vile vipande viwili vyembamba alivyovikata, akaviweka juu ya boneti. Hajawahi kutupa chuma maishani mwake, na siku ile tabia hiyo ilitufaa.

Ukivitazama vipande vile pamoja na mlango, kisa chote kinasomeka. Pua ilikuwa imeinama kwa uzito wa injini, ikizunguka juu ya stendi kama mbao ya pembea. Juu, paa lilivutwa. Chini, ambako kizingiti ndicho kingezuia, hapakuwa na kizingiti, kwa hiyo nguzo ya mbele na ya nyuma zikasogeleana kwa milimita chache. Mlango umefungwa kwenye nguzo ya mbele. Nguzo ikiinama mbele, mlango huinuka mkia. Ndiyo kupanda kwenyewe. Paneli jipya halikuwa refu, lilikuwa sahihi, na pengo ndilo lililokuwa limejifunga. Tulipolikata paneli na kulichomelea, tuliufanya upotofu uwe wa kudumu, kwa mkono wetu na kwa weldingi nzuri.

Fundi hakuridhika na maneno yake mwenyewe. Alidondosha timazi kutoka kitovu cha kila gurudumu, akaweka alama kwa chaki sakafuni, akapima kwa utepe. Kiwandani kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ni milimita 2,305. Sisi tulipata pungufu ya 5 kulia na 3 kushoto. Gari likiwa juu ya stendi kipimo cha namna hii si cha maabara, na peke yake nisingekiamini. Lakini kulia 5 na kushoto 3 ndizo namba zilezile za vipande vilivyokuwa juu ya boneti.

Kulikuwa na njia ya mkato, na lazima niitaje kwa sababu magari mengi yanayouzwa yakiwa yanang'aa yamepitishwa humo. Unalegeza bawaba, unausukuma mlango chini, unakisogeza kipokeo cha kitasa, unachomelea fimbo nyembamba kwenye ukingo wa mlango juu ili mwanya ulingane, pati inajaza palipobaki, na rangi inafunika yote. Mlango unafunga. Mnunuzi hajui. Atakuja kujua matairi yakianza kuliwa upande, au kioo cha mbele kitakapopasuka chenyewe usiku gari limeegeshwa. Mjomba aliisikiliza njia hiyo kutoka kwa jirani mmoja mpaka mwisho, akamshukuru, akaenda kukodi kreni ya mnyororo.

Injini ikatoka tena. Nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi, zaidi ya kukata vizingiti upya. Stendi zikarudi chini ya krosimemba na nyuma pale difu inapofungwa. Sakafu ya gereji ina mteremko wa kuelekea getini ili maji ya mvua yatoke, kwa hiyo pimamaji ya kawaida haikutufaa. Fundi alituma kijana akanunue mpira mwembamba wa plastiki, akaujaza maji, na kama waashi wanavyofanya wakisawazisha msingi, tukashika ncha moja mbele na nyingine nyuma mpaka maji yakalingana na alama zetu. Chini ya miguu ya stendi tukaweka sahani za chuma hadi pembe zote nne zikakubaliana. Ilichukua asubuhi nzima, na hakuna aliyechoma hata cheche moja. Tangi la petroli, ambalo kwa aibu yetu lilikuwa bado liko garini wakati wa kuchomelea mara ya kwanza, likatolewa likapelekwa nje uani.

Mlango wa kulia ukafungwa mahali pake na kuachwa humo, uwe kipimo. Kisha fundi akaanza kukata maungio ya kizingiti, moja baada ya jingine, bila haraka. Alipofika la mwisho bati lililia, *ta!*, kama kijiti kikavu, na mfereji wa msumeno ukafunguka wenyewe mbele ya macho yetu. Nilipima: milimita 2. Paa lilikuwa limebana kwa miezi yote ile na sasa limepumua. Tatu zilizobaki zilitafutwa kwa jeki ndogo iliyolala katikati ya nguzo mbili, robo mzunguko, kisha kusimama na kutazama mwanya, kisha robo nyingine. Mjomba alishika ile kadi ya simu. Ilipopita chini bila kukwama, na juu ikapita na sarafu moja tu, fundi aliinua mkono.

Hapo ndipo mabomba ya mraba yalipoingia, kabla ya kitu kingine chochote. Moja kutoka bawaba hadi kitasa, moja la mshazari, pande zote mbili, na mengine mawili kutoka mlango hadi mlango kukata katikati ya gari. Ndani palifanana na kizimba cha kuku. Milango ilivuliwa na kurudishwa mara nne ndani ya wiki hiyo kuhakikisha kwamba hakuna kilichosogea, na mara zote ilifunga.

Vile vipande viwili vya kopo havikurudishwa, vilikuwa vimekunjamana. Fundi alitengeneza viungo vipya kwa bati la geji 20, akaviweka na bati la mgongo nyuma yake ili weldi isibebe peke yake. Alichomelea kwa mashine ya waya, waya wa milimita 0.6, doa moja hapa, doa jingine kule mbali, akiacha bati lipoe mpaka unaweza kuliwekea kiganja. Kuchomelea mstari mmoja bila kusimama kungelivuta bati upya na kuturudisha tulikotoka. Pale ambapo kiwanda kilikuwa kimeunganisha mabati kwa madoa ya umeme, yeye alitoboa tundu kwenye bati la juu na kulijaza. Kijana wake alitaka kumaliza upande wa kushoto siku hiyohiyo. Hakuruhusiwa. Wa kulia ulikamilika, sakafu yake ikaingia, ndipo wa kushoto ukaguswa.

Kazi yote ya kurekebisha kosa ilichukua wiki saba. Kosa lenyewe lilikuwa la alasiri moja.

Rangi bado. Mjomba anataka nyekundu na boneti nyeusi, kama lile la 1971, na mimi nasema gari lilitoka kiwandani jeupe na rangi nyeupe ipo bado chini ya zulia la buti, imekingwa dhidi ya jua kwa nusu karne. Tunabishana kila Ijumaa baada ya chakula. Injini iko kwenye stendi yake pembeni imefunikwa shuka, na safari hii hakuna anayethubutu kutaja habari ya kuisikia.

Usiku ule mabomba yalipotolewa, mjomba aliufunga mlango wa dereva kwa kidole kimoja. Ukaingia. Akaufungua, akaufunga. Mimi nikaenda kunawa mikono, nikarudi, bado anaufungua na kuufunga kwenye giza, mpaka mkaza mjomba akatoa kichwa dirishani juu akauliza ni nani huyo anabisha hodi saa tano za usiku, na kwa nini hafunguliwi.